Nani aliileta skramu ofisini?

Katika mchezo wa raga, skramu huitwa pale mtu anapokosea. Mchezaji ameuangusha mpira ukaenda mbele, au amempasia mwenzake aliyemtangulia, jambo ambalo raga imelikataza. Refa anapuliza kipenga na kunyoosha mkono upande wa timu isiyo na kosa. Wachezaji wanane wa kila upande wanashikana mabega kwa safu, watatu wakiwa mbele, wanainama, na refa akitoa amri wanakutana kwa kishindo. Katika timu za kimataifa uzito wa kila upande unakaribia kilo 900. Mtu wa tisa anauingiza mpira kwenye uwazi ulio katikati ya miguu yao, na mchezaji wa katikati wa safu ya mbele anauvuta kwa kisigino kuurudisha nyuma. Mchezo unaendelea.

Sasa ingia kwenye ofisi ya wasanidi wa programu za kompyuta, iwe Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali, saa tatu asubuhi. Vijana sita au saba wamesimama mbele ya ubao uliobandikwa vikaratasi vya rangi. Kila mmoja anasema alifanya nini jana, atafanya nini leo, na kitu gani kinamkwamisha. Baada ya dakika 15 wanatawanyika. Hakuna aliyeangusha mpira wala aliyemsukuma mwenzake, lakini hicho kikao, na utaratibu mzima wa kazi unaokizunguka, wanauita skramu.

Waulize jina limetoka wapi, watakujibu kwamba ni la raga. Hawakudanganyi. Ila jibu hilo linaruka karne kadhaa na mabara matatu, na linaficha jambo ambalo kwangu ndilo lenye uhondo: kila aliyelipokea neno hili alikuwa na haja yake, akachukua alichokitaka na kuacha kilichobaki. Lilipofika kwa wasanidi wa programu lilikuwa limeshabeba maana ambayo mchezaji wa raga asingeitambua. Na tangu liwafikie, nao wamelibadilisha.

Kabla ya kuwa la mchezo, neno lenyewe lilikuwa la mapigano. Kifaransa cha zamani kilikuwa na kitenzi eskirmir, kupigana kwa upanga, kilichotokana na lugha za Kijerumani ambako maana yake ilikuwa kujikinga. Waingereza wakalipokea likawa skirmish, yaani mapigano madogo ya vikosi vichache kando ya vita vikubwa. Waitaliano walikuwa na ndugu yake, scaramuccia, ambaye ndiye aliyempa jina Scaramouche, yule mhusika wa michezo ya vichekesho mwenye majigambo mengi na moyo wa kunguru. Kwenye vinywa vya Waingereza neno liliendelea kutafunwa: skirmish ikazaa scrimmage, scrimmage ikazaa scrummage, na kuelekea mwisho wa karne ya 19 wachezaji wakalikata mkia likabaki scrum. Wamarekani walibaki na scrimmage kwenye mpira wao wa kofia ngumu, na mpaka leo mstari ambao timu mbili hupangana kabla ya kila mchuano unaitwa hivyo.

Skramu ya kwanza, ile ya wanafunzi wa shule ya Rugby nchini Uingereza, ilikuwa rundo la wavulana wanaopigana mateke kuuwania mpira uliopotelea katikati yao. Kanuni za shule hiyo ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1845. Ile hadithi ya William Webb Ellis kuubeba mpira mikononi mwaka 1823 na kuanzisha mchezo mpya siiamini sana, na wanahistoria wengi hawaiamini. Ilianza kusimuliwa zaidi ya miaka 50 baadaye, Ellis mwenyewe akiwa ameshakufa, na aliyeisimulia hakuwa shahidi. Hata hivyo kombe wanalopewa mabingwa wa dunia wa raga ya wanaume linaitwa kwa jina lake. Hadithi tamu haihitaji shahidi.

Turuke hadi Japani, maana huko ndiko neno lilikobadilika hasa. Mwanzoni mwa mwaka 1986 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala ya wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, Tokyo: Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka. Walikuwa wamechunguza jinsi kampuni kadhaa za Japani na Marekani zinavyotengeneza bidhaa mpya kwa haraka kuliko washindani wao. Miongoni mwa bidhaa walizozifuatilia kulikuwa na mashine za kurudufu za Fuji-Xerox na Canon, kamera mbili za Canon, gari dogo la Honda lililoitwa City, na kompyuta ya NEC. Walizungumzia vyuma, plastiki, lenzi na injini. Uandishi wa programu haukuwa hoja yao hata kidogo.

Hoja yao ilikuwa dhidi ya mbio za kupokezana vijiti. Kampuni nyingi kubwa, walisema, hufanya kazi kwa mtindo ambao shirika la anga la Marekani, NASA, liliufanya maarufu: idara ya masoko inamaliza sehemu yake na kuikabidhi kwa wabunifu, wabunifu wanaikabidhi kwa wahandisi, wahandisi wanaikabidhi kiwandani. Kila mmoja anakimbia kipande chake, anatoa kijiti na kwenda kupumzika. Kosa lililofanyika kwenye kipande cha kwanza linagunduliwa kwenye cha nne, na aliyelifanya ameshaondoka uwanjani. Takeuchi na Nonaka walipendekeza timu moja ya watu wa fani zote, inayosogea pamoja tangu mwanzo hadi mwisho huku mpira ukipita mkono hadi mkono. Huo wakauita mtindo wa raga, na katika kichwa kidogo kimoja cha makala wakalitumia neno scrum.

Fuji-Xerox wenyewe walikuwa na jina lao kwa mtindo huo, nalo halikutoka uwanjani. Waliuita sashimi. Sashimi ni samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, vikapangwa kwenye sahani kila kipande kikilalia ukingo wa kilichotangulia. Ndivyo hatua za kazi zilivyolaliana: wabunifu hawajamaliza, wahandisi wameshaanza, wahandisi hawajamaliza, watu wa kiwandani wako mezani nao wanabishana. Kwa mtindo huo mashine yao ya FX-3500 ilichukua miezi 29, wakati iliyofanana nayo kabla ya hapo ilichukua miezi 38.

Honda walifanya jambo la ujasiri zaidi. Kazi ya kubuni City waliwapa wahandisi ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 27, na wakubwa wakawaambia karibu jambo moja tu: tengenezeni gari ambalo vijana kama ninyi wangependa kuliendesha. Hawakuwapa michoro wala mfano wa kuiga. Vijana wale wakatoka na gari fupi kwa urefu lakini lililonyanyuka juu, wakati mtindo wa miaka ile ulikuwa magari marefu na ya chini. Lilianza kuuzwa mwaka 1981 likapendwa.

Canon nao walitaka mashine ndogo ya kurudufu ambayo hata duka la mtaani lingeweza kuimiliki. Kikwazo kilikuwa lile pipa la ndani linalochora picha: lilikuwa ghali, na ndilo lililoharibika mara nyingi. Nonaka alikuja kusimulia baadaye kwamba siku moja kiongozi wa timu, Hiroshi Tanaka, aliagiza bia. Wakiwa wanakunywa na kujadiliana, akalishika kopo la alumini na kuuliza: kutengeneza kitu hiki kunagharimu shilingi ngapi? Swali hilo, ambalo kwa Tanaka bila shaka lilikuwa la yeni, liliwapeleka kwenye wazo la pipa jepesi la alumini ambalo mteja angelitupa likichakaa na kuweka jingine. Ndiyo asili ya vile visanduku vya wino wa unga ambavyo leo mwenye duka la fotokopi anavibadilisha mwenyewe bila kumwita fundi.

Jambo moja la makala ile huwa linasahauliwa na wanaoitukuza. Waandishi wenyewe walionya kwamba mtindo huu unamchosha mtu. Katika baadhi ya miradi, wanatimu walifanya kazi ya ziada ya hadi saa 100 kwa mwezi pale joto lilipopanda, na saa 60 katika miezi mingine. Raga hii haikuwa ya mwisho wa wiki.

Hapa mpenzi wa raga anakuna kichwa. Kile walichokieleza, timu kusogea kwa pamoja huku ikipasiana mpira, ni kazi ya wakimbiaji wa nyuma waliotandazwa uwanjani, wanaokwenda mbele kwa kupasia nyuma. Ndani ya skramu hakuna anayepasia kwa mkono. Skramu ni kusukumana, nayo huja baada ya mchezo kusimama. Kama Takeuchi na Nonaka wangetaka neno la raga linalofanana na mawazo yao, yalikuwepo mengine. Nadhani walilichagua hili kwa sababu ya picha yake: watu wanane waliofungamana hata huwezi kujua mkono huu ni wa nani.

Wazo likavuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1990 Peter DeGrace na Leslie Hulet Stahl waliandika kitabu kuhusu matatizo ya programu yasiyotatulika kwa njia za kawaida, na humo wakalitumia neno scrum kwa kazi ya programu, wakiwataja Wajapani hao. Mwaka 1993, katika kampuni ya Easel karibu na Boston, Jeff Sutherland na wenzake John Scumniotales na Jeff McKenna waliunda timu waliyoiita kwa jina hilo. Sutherland aliwahi kuwa rubani wa ndege za kivita huko Vietnam kabla ya kugeukia utafiti wa tiba na kisha kompyuta. Kikao cha kila siku walikipata kwingine: walisoma habari za timu ndogo ya kampuni ya Borland iliyoandika programu kubwa ya mahesabu kwa kasi ya ajabu, na ikaonekana kwamba watu wale walikutana karibu kila siku. Kikao cha asubuhi ambacho leo ndicho watu wengi hukiita skramu, basi, hakikutoka Japani wala uwanjani.

Mwenzake Sutherland, Ken Schwaber, alikuwa akitafuta jibu la swali lililomkera: kwa nini mipango mizuri ya programu huharibika karibu kila mara? Amesimulia kwamba alizipeleka mbinu za wasanidi kwa wataalamu wa kampuni ya kemikali ya DuPont, huko Delaware, ambao kazi yao ni kudhibiti mitambo. Mmoja wao alikuwa Babatunde Ogunnaike, Mnigeria, bingwa wa fani hiyo na baadaye mkuu wa kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Delaware. Wataalamu wale walimshangaa. Wakamweleza kwamba kazi zipo za aina mbili. Ipo inayojulikana mwanzo hadi mwisho, ambayo unaweza kuipangia ratiba na kuondoka. Na ipo isiyotabirika, ambayo dawa yake ni kuitazama mara kwa mara na kuirekebisha, kama mpishi wa pilau anayefunua sufuria badala ya kuiamini saa ya ukutani. Uandishi wa programu ni wa aina ya pili, lakini ulikuwa ukiendeshwa kama wa aina ya kwanza. Mwaka 1995, katika mkutano uliofanyika Austin, Texas, Schwaber aliwasilisha andiko lililoieleza skramu kama utaratibu kamili.

Siwezi kumpita Ogunnaike bila kuongeza jambo moja. Akiwa kijana alishiriki shindano la kuandika wimbo wa taifa wa Nigeria, na maneno yake yakawa miongoni mwa yale ya watu watano yaliyounganishwa kuwa wimbo uliopitishwa mwaka 1978 na kuimbwa hadi 2024. Mkono wake umo kwenye fikra za skramu, lakini katika kozi nyingi za Kiafrika zinazofundisha utaratibu huu utasikia zaidi habari za Boston na Tokyo.

Katika andiko lake Schwaber aliliandika neno kwa herufi kubwa tupu, SCRUM. Mpaka leo wapo wanaodhani ni ufupisho, na nimeona watu wakihangaika kutafuta kila herufi inasimama badala ya nini. Haisimami badala ya chochote.

Neno likishahama kwao, hupata majirani wasiokuwa wa ukoo wake. Kipindi cha kazi cha wiki mbili hadi mwezi wakakiita sprinti, neno la riadha, mbio fupi za kasi. Fikiria kidogo: makala iliyozaa utaratibu huu iliandikwa kuwapinga watu wa mbio, na warithi wake wakaurudisha uwanja wa riadha kupitia mlango wa nyuma. Orodha ya kazi zinazosubiri wakaiita baklogi, neno la Kiingereza la karne ya 17 lenye maana ya gogo kubwa lililowekwa nyuma kabisa ya moto wa nyumbani ili lishike moto polepole usiku kucha. Gogo lile lilikuwa akiba ya joto. Baadaye maana ikageuka kuwa kiporo cha kazi. Nikiitazama baklogi ya timu yoyote ninayoifahamu, naona maana zote mbili zinafaa, maana humo mna magogo yasiyowahi kushika moto.

Mwezi Februari 2001 watu 17, Sutherland na Schwaber wakiwemo, walikutana kwenye hoteli ya milimani Snowbird, Utah, wakaandika tamko fupi la kutetea kazi nyepesi inayokubali mabadiliko. Tangu hapo skramu imekuwa biashara. Kuna kozi ya siku mbili na cheti chake, kuna mtihani, na kuna cheo cha skramu masta ambacho mwanzoni hakikuwa cha bosi bali cha mtu wa kuondoa vikwazo na kulinda utaratibu.

Kwetu neno lilikuja na hayo yote yakiwa yameshafungashwa. Jijini Nairobi, iHub, kituo kilichowakutanisha vijana wa teknolojia, kilifunguliwa mwaka 2010 kando ya Ngong Road. Uwanja wa chama cha raga cha Afrika Mashariki uko kwenye barabara hiyohiyo. Sijui barabara nyingine duniani ambako skramu zote mbili zimekuwa jirani hivyo. Na kama tunalinganisha, timu ya programu haifanani na raga ya watu 15 bali na ya watu saba, ile ambayo Kenya iliishinda Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016. Skramu ya mchezo huo ni ya watu watatu kwa watatu, inakwisha upesi, na kila aliyekuwa ndani yake anainuka mbio kwenda kucheza nafasi nyingine. Takeuchi na Nonaka walisisitiza jambo hilohilo: mhandisi ajifunze masoko, mtu wa masoko ajifunze kiwanda.

Lakini nimekaa kwenye vikao vya asubuhi ambavyo havina harufu ya raga ya aina yoyote. Katika ofisi moja nisiyoitaja, meneja alisimama mbele na daftari. Akaita majina. "Jana nilikuwa kwenye ile ya malipo, bado naendelea nayo, sina kikwazo, bosi." Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Macho yote yalikuwa kwenye daftari. Yule wa malipo kikwazo alikuwa nacho, tena kikubwa: alikuwa akingoja kibali kutoka idara nyingine kwa zaidi ya wiki. Nilikijua kwa sababu aliniambia tukinywa chai, wala si kwenye kikao. Mwisho wa kipindi timu hiyo iliikabidhi kazi kwa wajaribu, wajaribu wakaikabidhi kwa wenye seva. Kijiti kilikuwa kilekile cha NASA, ila sasa kinapokezwa kila baada ya wiki mbili.

Sioni sababu ya kulilaumu neno. Nalaumu namna tulivyolinunua. Tulinunua ratiba, maana ratiba ni rahisi kuinunua: saa tatu, dakika 15, maswali matatu. Kile ambacho Honda waliwapa vijana wao, yaani kuaminiwa na wakubwa wakakaa kando, hakiuzwi kwenye kozi ya siku mbili, na meneja mwenye daftari hakuwa na nia ya kukitoa.

Januari 2011 Nonaka na Sutherland walikutana Tokyo kwenye mkutano wa watu wa skramu, miaka 25 baada ya makala. Wajapani waliohudhuria walikuwa wameupokea utaratibu huo kutoka Marekani kama bidhaa ya nje, wakati mwenye wazo alikuwa mzee wa mjini kwao.

Sutherland na Schwaber wameuhariri mwongozo wao rasmi mara kadhaa. Toleo la 2020 ni fupi kuliko lililolitangulia, na linataka timu isizidi kwa kawaida watu 10. Maswali matatu ya asubuhi, ya jana, leo na kikwazo, yamefutwa humo. Watu wa timu wapange wenyewe namna ya kuzungumza, ili mradi wanajua kazi inakwenda wapi. Ofisi nyingi bado zinayauliza.